Kipimo cha pumzi kwa bakteria wa vidonda vya tumbo

Helicobacter pylori ni bakteria aliyejisokota, anayeishi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo la binadamu. Kwa makadirio yanayotumika sana, karibu nusu ya watu duniani wanaye. Si mgeni: uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba alisambaa pamoja na binadamu kutoka Afrika Mashariki yapata miaka 58,000 iliyopita. Maambukizi mengi hutokea utotoni, nyumbani, kwa njia ya mate, matapishi au mabaki ya kinyesi yanayofika mdomoni, na asipotibiwa bakteria huyu huweza kukaa tumboni maisha yote. Kila aliyeambukizwa ana uvimbe fulani katika ukuta wa tumbo, lakini wengi hawahisi lolote. Baadhi hupata vidonda vya tumbo au vya sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na wachache zaidi hupata saratani ya tumbo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, lile lile lenye moshi wa sigara.

Maumivu chini ya chembe cha moyo, kiungulia, tumbo kujaa gesi, kushiba upesi: hakuna hata moja kati ya dalili hizi inayoweza kumtambulisha bakteria. Zinaweza kuletwa na dawa za maumivu, na nyongo, na kurudi kwa tindikali kooni, na mara nyingi uchunguzi wote ukifanyika hakionekani kitu. Ndiyo maana kipimo kinahitajika, na ndiyo maana aina ya kipimo ina uzito mkubwa kuliko wagonjwa wengi wanavyoelezwa. Vipo vinavyouliza kama mwili uliwahi kukutana na H. pylori. Kipimo cha pumzi kinauliza kama yumo sasa hivi, hai, akifanya kazi yake.

Kazi hiyo ndiyo msingi wa kipimo. Tumbo hutoa tindikali kali inayoua vijidudu wengi wanaomezwa na chakula. H. pylori hujikinga kwa kimeng'enya kiitwacho yureasi, ambacho hukitengeneza kwa wingi mno. Yurea ni taka inayotengenezwa na ini mwili unapovunja protini. Husafiri katika damu, nyingi hutoka kwa mkojo, na kiasi hupenya hadi tumboni. Yureasi huivunja yurea ikatoa amonia na hewa ukaa. Amonia hupunguza makali ya tindikali palipo na bakteria, akapata nafasi ya kuogelea ndani ya ute hadi karibu na ukuta wa tumbo, mahali ambapo tindikali si kali. Hewa ukaa haina faida kwake. Hupenya ukuta wa tumbo, ikaingia kwenye damu, ikafika mapafuni na kutoka na pumzi.

Seli za binadamu hazitengenezi yureasi. Kwa hiyo mtu akimeza yurea yenye alama, na baada ya dakika chache alama hiyo ikaonekana katika hewa anayotoa, kuna kiumbe kingine tumboni kilichoivunja. Wazo zima la kipimo ni hilo tu, na lilichelewa kufikiwa kwa sababu moja ya kusikitisha: watu walikwisha kuiona yureasi ya tumboni zamani sana. Mwaka 1924 Luck na Seth waliieleza baada ya kuichunguza katika tumbo la mbwa, na kwa miongo kadhaa wataalamu wengi waliamini kwamba tumbo lenyewe ndilo linaloitengeneza. Tumbo lilidhaniwa kuwa mahali pakali mno kwa bakteria kuishi, na dhana hiyo ilifunika ushahidi uliokuwa mezani.

Iliyovunja dhana hiyo ni hospitali moja ya mji wa Perth, Australia. Mwaka 1979 mpatholojia Robin Warren aliona bakteria waliojipinda juu ya vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye tumbo la wagonjwa. Daktari kijana Barry Marshall alijiunga naye mwaka 1981, na majaribio yao ya kuwaotesha bakteria hao yalishindikana mara kwa mara hadi Pasaka ya 1982, sahani za maabara zilipoachwa siku tano badala ya mbili kwa sababu ya sikukuu. Bakteria hao hukua polepole. Sahani za awali zilikuwa zikitupwa mapema. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao, akaugua, na vipande vilivyochukuliwa tumboni mwake vilionyesha uvimbe. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005. Wakati huo kipimo cha pumzi kilikuwa na umri wa karibu miaka ishirini: mwaka 1987 David Graham na wenzake wa Houston walichapisha kile kinachotumia kaboni 13, na kile cha kaboni 14 kilielezwa katika kipindi hicho hicho, na Marshall akiwa mmoja wa waliokiendeleza.

Alama inayotajwa hapa ni atomi ya kaboni iliyo katikati ya molekuli ya yurea. Kaboni ya kawaida ina protoni sita na nyutroni sita. Kaboni 13 ina nyutroni moja zaidi. Haina mionzi yoyote, na ni takribani asilimia 1.1 ya kaboni yote iliyopo katika mazingira, ikiwemo ile ya mwili wa kila mtu. Kaboni 14 ina nyutroni mbili zaidi na hutoa mionzi. Kiasi kinachowekwa katika kidonge cha kipimo ni kidogo mno, yapata kilobekereli 37, na mionzi anayopata mgonjwa haizidi ile anayoipata kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani. Hata hivyo watoto na wajawazito hawapewi, kwa kuwa ipo njia nyingine isiyo na mionzi kabisa. Faida ya kaboni 14 ni kwamba mashine ya kuisoma ni rahisi. Hasara yake ni vibali vya kutunza na kutupa vitu vyenye mionzi. Kaboni 13 haihitaji vibali hivyo, lakini kwa kuwa imo tayari katika pumzi ya kila mtu, ni lazima ipimwe kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Mgonjwa hufika bila kula, mara nyingi tangu usiku uliotangulia au kwa saa zisizopungua nne. Hupuliza kwanza katika mfuko au kichupa, na pumzi hiyo hutunzwa kama mwanzo wa kulinganishia. Kisha hunywa yurea yenye kaboni 13, kwa kawaida miligramu 75, ikiwa imeyeyushwa katika maji au katika kinywaji chenye tindikali ya limau. Tindikali hiyo huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo, hivyo yurea hukaa na bakteria muda wa kutosha, na pia huchochea yureasi kufanya kazi. Mgonjwa hukaa ametulia, hali, hanywi, havuti sigara. Baada ya dakika 10 hadi 30, kutegemea aina ya kipimo, hupuliza mara ya pili. Hakuna sindano wala mpira wa kuingizwa kooni, na mgonjwa huondoka akiendelea na shughuli zake.

Mdomo nao una bakteria wake, na baadhi yao wana yureasi. Ndiyo sababu baadhi ya vipimo hutumia kidonge kinachoyeyuka tumboni, vingine hutaka kinywaji kinyonywe kwa mrija na mdomo usukutuliwe mara moja. Pumzi iliyochukuliwa mapema mno, ndani ya dakika chache za kwanza, huweza kuwa inasimulia habari za meno na ulimi kuliko za tumbo.

Mashine hulinganisha uwiano wa kaboni 13 na kaboni 12 katika pumzi mbili. Zamani ilikuwa lazima kutumia spektromita ya masi, chombo kikubwa cha maabara za utafiti. Siku hizi zipo mashine za mionzi ya infraredi zinazokaa juu ya meza. Jibu huandikwa kama ongezeko la sehemu kwa elfu juu ya pumzi ya kwanza. Mpaka kati ya hasi na chanya huwekwa kati ya 2.5 na 5 kutegemea kifaa na utaratibu, na 4 ni namba inayokutwa mara nyingi. Waliombeba bakteria wengi wao huwa juu kabisa ya mpaka huo, kwa kumi, ishirini au zaidi, na wasio naye huwa karibu na sifuri. Majibu yanayoangukia karibu na mpaka ni machache, na hayo hayafai kuamuliwa kwa haraka.

Pumzi ya kwanza ina sababu ambayo mtu wa Afrika Mashariki ana haki ya kuijua, maana inahusu chakula chake. Mimea haichukui kaboni 13 kwa kiwango kimoja. Mahindi, mtama, ulezi na miwa huichukua zaidi kuliko mpunga, ngano, muhogo, ndizi na maharage. Kwa kipimo kile kile cha sehemu kwa elfu, tofauti kati ya mahindi na mchele ni kama 15, yaani zaidi ya mara tatu ya mpaka wa 4. Mlaji wa ugali wa sembe na mlaji wa wali wanapumua hewa zisizofanana hata kabla ya kumeza yurea. Pumzi ya kwanza huondoa tofauti hiyo kwa kila mtu kulinganishwa na nafsi yake. Lakini haiwezi kumsaidia aliyekunywa uji au chai yenye sukari ya miwa asubuhi hiyo, kwa sababu chakula hicho kitaendelea kubadilisha pumzi yake kati ya sampuli ya kwanza na ya pili. Agizo la kufunga linapaswa kutolewa pamoja na sababu hii, maana mgonjwa anayejua sababu hafikirii kwamba kikombe kimoja cha chai hakina neno.

Kipimo kikifanywa vizuri, hugundua takriban 95 kati ya kila watu 100 wenye bakteria, na huwapa jibu sahihi la hasi takriban 95 au zaidi kati ya kila 100 wasio naye. Maneno "kikifanywa vizuri" yanabeba mzigo mzito. Kiharibifu kikubwa kuliko vyote ni dawa za kupunguza tindikali za kundi la omeprazoli: omeprazoli yenyewe, esomeprazoli, pantoprazoli na ndugu zao. Dawa hizi humpunguza bakteria bila kumwondoa na hudhoofisha kazi ya yureasi, hivyo mtu mwenye maambukizi hupata jibu la hasi. Zinapaswa kuachwa kwa wiki mbili kabla ya kipimo. Antibiotiki na dawa zenye bismathi huachwa kwa wiki nne. Dawa za kawaida za kutuliza kiungulia, zile zenye magnesiamu na alumini, hazina madhara makubwa kwa jibu na ndizo zinazoweza kumvusha mgonjwa katika siku hizo za kusubiri.

Hapa ndipo kosa la kila siku linapotokea. Omeprazoli hununuliwa dukani bila cheti, humezwa kwa mwezi, huitwa "dawa ya gesi" au "dawa ya vidonda", na mgonjwa akiulizwa kama ametumia antibiotiki hujibu hapana kwa ukweli kabisa. Swali linalofaa ni jingine: ni vidonge gani ulivyomeza mwezi huu, na vilete hapa vionekane. Kidonda kinachovuja damu nacho hupunguza uwezo wa karibu vipimo vyote kumwona bakteria, kwa hiyo jibu la hasi lililopatikana wakati wa kutoka damu hurudiwa baadaye. Aliyekatwa sehemu ya tumbo huweza kupata jibu lisiloaminika kwa sababu yurea hupita upesi. Na tumbo ambalo ukuta wake umechakaa kwa miaka mingi hadi halitoi tindikali huweza kumpoteza H. pylori na kukaliwa na bakteria wengine wenye yureasi. Hapo hata jibu la chanya linataka kuangaliwa.

Usahihi wa kipimo pia hubadilika maana kutegemea nani anapimwa. Ichukuliwe kwamba kipimo kinapatia kwa asilimia 95 pande zote mbili. Katika watu 1,000 ambao 400 wao wana bakteria, majibu ya chanya yatakuwa 410, na ya uongo ni 30 tu. Katika watu 1,000 waliomaliza matibabu, ambao 100 tu bado wana bakteria, majibu ya chanya yatakuwa 140, na ya uongo ni 45, karibu theluthi moja. Mashine ni ile ile, mtaalamu ni yule yule. Kwa hiyo jibu la chanya baada ya matibabu, hasa lililo karibu na mpaka, linastahili kurudiwa kabla mgonjwa hajapewa tena wiki mbili za dawa nzito.

Mpinzani wa kweli wa kipimo cha pumzi ni kipimo cha choo kinachotafuta vipande vya protini za bakteria. Kile cha kisasa, kinachotumia kingamwili za aina moja na kusomwa maabara, kinakikaribia sana kwa usahihi, na kinasumbuliwa na dawa zile zile. Ugumu wake ni wa kibinadamu: watu wengi huona haya kubeba kopo la choo hadi maabara, na wengine hawarudi. Endoskopia, ambapo kamera hushushwa tumboni, huona kidonda chenyewe na huwezesha kuchukua vipande vya nyama kwa ajili ya darubini, kwa kipimo cha haraka cha yureasi, au kwa kuotesha bakteria ili ijulikane ni dawa gani zinamuua. Hakuna kinachoweza kuchukua nafasi yake pale inapohitajika, lakini ni ghali na wataalamu wake ni wachache.

Kipimo cha damu cha kingamwili ni suala jingine. Ni rahisi, ni cha haraka, kinapatikana hadi katika maabara ndogo za mitaani, na ndicho wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanachokijua kwa jina la kipimo cha vidonda vya tumbo. Kingamwili hubaki katika damu miezi, na mara nyingi miaka, baada ya bakteria kwisha. Mtu aliyepona hubaki na mistari miwili kwenye kibao cha kipimo, huambiwa vidonda vimerudi, hupewa antibiotiki tena, hupimwa tena, na mistari inakuwepo bado. Wapo wanaozunguka hivyo kwa miaka, wakitumia pesa za ada na za chakula, wakiamini wana ugonjwa usiopona. Kipimo hicho hakifai kabisa kuthibitisha kupona, na mahali ambapo kipimo cha pumzi au cha choo kinapatikana hakuna sababu nzuri ya kukitumia kwanza.

Si kila mwenye maumivu ya tumbo anayepaswa kuanzia kwenye pumzi. Miongozo mingi inakubali utaratibu wa kupima na kutibu kwa mtu mzima ambaye hajafikia umri wa hatari, unaowekwa kati ya miaka 50 na 60 kutegemea nchi, na ambaye hana dalili za tahadhari. Kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, kutapika mfululizo, kutapika damu, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu, uvimbe unaoshikika tumboni: mwenye mojawapo ya hizi anahitaji kamera. Jibu lolote la pumzi, liwe chanya au hasi, lisimcheleweshe.

Kwa watoto hali ni tofauti. Chini ya miaka sita kipimo hupungua usahihi, kwa sababu mtoto hutoa hewa ukaa kidogo, na kunywa kwake huacha yurea mdomoni. Zaidi ya hayo, madaktari wa watoto hawashauri kumpima mtoto kwa sababu ya maumivu ya tumbo tu, kwa kuwa mara nyingi bakteria si chanzo cha maumivu hayo.

Jibu likiwa chanya kwa mtu mzima, matibabu hufuata. Kwa miaka mingi yalikuwa omeprazoli, amoksilini na klarithromisini. Usugu dhidi ya klarithromisini umeongezeka katika nchi nyingi, na usugu dhidi ya metronidazoli ni mkubwa sana barani Afrika, ambako dawa hiyo hutumika kwa kuhara na magonjwa mengine kila siku. Miongozo ya karibuni imeelekea kwenye dawa nne kwa siku 14: ya kupunguza tindikali, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli kwa kiwango cha juu, ambacho husaidia kushinda sehemu ya usugu. Ni vidonge vingi, vinavyoleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, na wengi hukatiza siku maumivu yanapotulia. Maumivu kutulia si ushahidi kwamba bakteria ameondoka. Omeprazoli peke yake inatosha kuyatuliza.

Kwa sababu hiyo kipimo cha pumzi kina thamani kubwa zaidi mwishoni mwa matibabu kuliko mwanzoni. Hufanywa wiki nne au zaidi baada ya kumaliza antibiotiki, na wiki mbili bila dawa za kundi la omeprazoli. Mapema kuliko hapo, bakteria wachache waliosalia hawajaongezeka kiasi cha kuonekana, na jibu la hasi litamdanganya kila mtu. Bakteria akikutwa bado yupo, mgonjwa hapewi tena klarithromisini iliyoshindwa. Hubadilishiwa dawa, na baada ya kushindwa mara mbili inafaa kutafuta njia ya kumwotesha bakteria na kupima usugu wake.

Katika Afrika Mashariki kuna sababu ya kulichukulia hili kwa uzito. Barani Afrika maambukizi ni mengi huku saratani ya tumbo katika maeneo mengi ikiwa chache, jambo ambalo limewashughulisha watafiti tangu miaka ya 1990. Lakini nyanda za juu zina historia nyingine: mitelemko ya Kilimanjaro, maeneo ya Mlima Kenya, Rwanda, Burundi na Kivu zimejulikana kwa muda mrefu kuwa na saratani hiyo kwa wingi kuliko mabonde na pwani zilizo jirani. Chumvi, moshi wa jikoni, aina za bakteria na urithi vyote vimetajwa, na hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Kwa familia ambayo mzazi au ndugu alikufa kwa saratani ya tumbo, kumtafuta bakteria na kuhakikisha ameondoka ni miongoni mwa hatua chache za kinga zinazojulikana.

Kikwazo ni bei na umbali. Hospitali zenye kipimo cha pumzi zimo zaidi katika miji mikubwa. Hata hivyo hewa iliyofungwa vizuri katika vichupa vya kaboni 13 haiharibiki upesi; huweza kusafirishwa kwa siku kadhaa bila barafu na kusomwa mahali pengine. Kituo cha afya cha wilaya kinahitaji yurea, vichupa, saa na muuguzi aliyefundishwa kuuliza kuhusu omeprazoli, na mashine moja katika hospitali ya rufaa inaweza kuhudumia vituo vya mkoa mzima.